CHETI CHA KAMBINI NA HAKI YA ALIYEKIPATA

Katika matawi yetu ya Unguja na Pemba hapana jambo ambalo wazee huliuliza mara nyingi kama hili. Kijana amekwenda kambini, amekaa miaka miwili, amefunzwa kwata na silaha, amelima, amebeba mawe ya kujengea, kisha amerudi nyumbani na cheti chenye muhuri wa Serikali. Je, siku jeshi linapoandika askari wapya, cheti hicho kina uzito gani? Wako wakubwa wanaoliona swali hili kuwa ni la watu wasioelewa mambo ya kijeshi. Sisi twaliona kuwa ni swali la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa maandishi, si kwa maneno ya barazani.

Yafaa kwanza ikumbukwe mambo haya yalianzaje. Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, lilianzishwa Tanganyika tarehe 10 Julai 1963, wakati Visiwa hivi bado vimo chini ya himaya ya Kiingereza, miezi mitano kabla ya kupandishwa bendera yetu tarehe 10 Disemba mwaka huo huo. Haukupita muda mrefu, mwezi wa Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi, jeshi lile likavunjwa, na Mwalimu Nyerere akawaita vijana wa TANU wajitokeze kuandikwa katika jeshi jipya. Jeshi hilo, JWTZ, lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Huku kwetu nako, baada ya Mapinduzi, vijana wa Afro-Shirazi walikusanywa kambini wakalima na kufunzwa nidhamu, na katika kambi hizo ndimo ilimotoka JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, ambayo Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaitaja katika kifungu cha 121 miongoni mwa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi, pamoja na KMKM na Chuo cha Mafunzo.

Twaikumbusha tarikhi hii kwa sababu moja. Tangu siku ya kwanza kambi ya vijana ilikuwa ni mlango wa jeshi, na ufunguo wa mlango ule ulikuwa ni kadi ya chama. Zama zile hapakuwa na ajabu katika jambo hilo, kwani chama kilikuwa kimoja kila upande wa bahari, na vyama hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeshika nchi. Lakini tangu mwaka 1992 nchi hii ni ya vyama vingi kwa sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika kifungu cha 147, imemkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ikamwachia haki yake ya kupiga kura tu, na Jeshi la Kujenga Taifa limetajwa humo kwa jina lake. Ikiwa askari hatakiwi kuwa na chama, basi hata siku anayoomba kuwa askari haifai aulizwe chama chake, wala cha baba yake, wala mtaa wao ulipiga kura vipi.

Sasa tuje kwenye cheti chenyewe. Kila mwaka JKT inapowaita vijana wa kujitolea kutoka Bara na Visiwani, tangazo lake hueleza waziwazi kwamba Jeshi hilo halitoi ajira wala halihusiki na kuwatafutia vijana ajira; hutoa mafunzo ili kijana akarudi kwao akajitegemee. Maneno hayo ni ya kweli na ya uaminifu, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini upande wa pili, matangazo ya kuandika askari wa JWTZ yaliyotolewa katika miaka ya karibuni mara kadhaa yamemtaka mwombaji awe amehitimu mafunzo ya JKT na kutunukiwa cheti. Basi tazameni hali inavyokuwa. Mkono mmoja unamwambia kijana: usitaraji kitu kwa cheti hiki. Mkono wa pili unamwambia: bila ya cheti hiki usije. Kijana aliyesimama katikati afahamu lipi?

Akifahamu kuwa ameahidiwa kazi, hataki makosa kwa kupenda kwake. Wasomaji wetu hawakusahau yaliyotokea mwezi wa Aprili 2021. Vijana wa kujitolea wa JKT, ambao miongoni mwao wamo waliojenga ukuta wa Mererani, ule wa kilomita 24.5 uliofunguliwa tarehe 6 Aprili 2018, na waliofanya kazi katika ujenzi wa Ikulu ya Chamwino, waliondoka kazini kwenda kudai ajira waliyosema kuwa waliahidiwa na Rais Magufuli alipokuwa hai. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuwa vijana 854 wamesitishiwa mikataba yao kwa utovu wa nidhamu. Hatuandiki hapa kuwahukumu, wala kusimulia yaliyowafika baadaye. Askari hagomi, na mwenye kutaka kuwa askari hana budi aanze kulijua hilo. Tunachouliza ni jambo jingine: fitina ile ilitoka wapi? Ilitoka katika ahadi iliyotolewa kwa mdomo, mbele ya umati, na mtu mmoja mwenye mamlaka, bila ya kuandikwa katika kanuni yoyote ambayo kijana angeweza kuisoma na kujua haki yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Mtoa ahadi akafariki, na ahadi ikafuatana naye. Lau kungalikuwepo kanuni, vijana wale wangalijua wamngoje nani na wangoje mpaka lini, na wakubwa wao wangalijua la kuwajibu.

Wako watakaosema kuwa hii ni shida ya nchi maskini, na kwamba jeshi haliwezi kufungwa mikono na vyeti vya vijana. Hayo si kweli. Marekani ina mafunzo ya kadeti katika skuli zake za sekondari tangu sheria ya ulinzi ya mwaka 1916. Kijana aliyemaliza miaka inayotakiwa, akaonyesha cheti, huandikwa jeshini kwa daraja la juu kuliko mwenziwe asiyekuwa nacho, na mshahara wake hupanda tangu mwezi wa kwanza. Iko pia jumuiya ya vijana wanaofunzwa mambo ya ndege, Civil Air Patrol, iliyoanzishwa mwaka 1941. Kadeti wake aliyepata tuzo ya Billy Mitchell akiingia jeshi la anga huanza katika daraja la tatu badala ya la kwanza. Lakini hasamehewi mafunzo ya awali. Huamka alfajiri na makuruta wenziwe, hukimbia nao, na mwalimu wa kwata humkemea kama anavyowakemea wao. Alichoongezewa ni cheo na mshahara, na sababu yake imeandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

India imekwenda njia nyingine. Kadeti wao wa NCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1948, hupewa vyeti vya daraja tatu, A, B na C. Mwenye cheti cha C kilicho kizuri, akiwa na shahada ya chuo, anaweza kuomba uofisa akapelekwa moja kwa moja kwenye usaili bila ya kufanya mtihani wa kuandika. Usaili wenyewe ni mgumu na wengi huanguka. Na Uingereza, waliotutawala, hawataki kabisa kuchanganya mambo haya: Serikali yao husema kwamba kadeti ni malezi ya vijana, si mlango wa kuandika askari. Hiyo nayo ni kauli safi, kwani kijana wa huko hujua tangu mapema kuwa anajifunza kwa faida ya nafsi yake.

Hatuyasemi haya kwa kusujudia ya ugenini. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 2022 gazeti moja kubwa lilifichua kuwa katika baadhi ya skuli watoto walikuwa wakitiwa katika madarasa ya kadeti bila ya kutaka, na aghlabu zilikuwa ni skuli za watu wa hali ya chini. Kila nchi ina madhambi yake. Lakini katika nchi zote hizo tatu jambo moja ni lile lile: kanuni inajulikana. Ama cheti kinahesabiwa kwa kiasi hiki, ama hakihesabiwi. Hapana cheti ambacho leo ni dhahabu na kesho ni karatasi ya kufungia karanga, kwa kutegemea nani amekaa nyuma ya meza.

Sisi basi twataka nini? Kijana aliyemaliza mafunzo ya kujitolea katika JKT au JKU, akafaulu, akaonekana na afya na tabia njema, akiandikwa jeshini au katika kikosi chochote, miaka yake miwili ihesabiwe. Ihesabiwe katika muda wa utumishi, ili siku ya kupandishwa cheo na siku ya kupewa kiinua mgongo isiwe kana kwamba miaka ile aliilala. Mafunzo ya awali ayafanye pamoja na wenzake, kwani jeshi haliwezi kuwa na askari waliofunzwa kila mmoja kwa namna yake. Lakini mtu aliyekwisha kuijua bunduki na ramani na huduma ya kwanza asipewe mshahara na daraja la mtu ambaye jana alikuwa hajui kupanga mguu. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu amecheza kwao miaka miwili kwa posho ndogo, na waliofaidika na jasho lake ni umma.

Tena uzito wa cheti cha JKU uwe sawa na wa cheti cha JKT. Hapa pana mambo mazito, na twawaomba wanachama watufuate kwa utulivu. Ulinzi na usalama ni jambo la Muungano, kwa hivyo jeshi ni moja. Lakini JKU ni chombo cha Serikali ya Zanzibar, makao yake yako Saateni. Kijana wa Makunduchi au wa Micheweni aliyefunzwa na JKU ana cheti kilichotolewa na serikali moja, na anaomba kazi inayotolewa na serikali nyingine. Yasipokuwepo maandikiano baina ya pande mbili, atakayepotea njiani ni yeye. Twasema kwa hivyo kwamba kila mahali panapoandikwa cheti cha JKT, paandikwe na cheti cha JKU, na wala isingojwe hisani ya mtu kulifanya hilo.

Na liko la khatari kuliko hilo, ambalo watu wengi hawakulitia maanani. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyosimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, huwaita wahitimu wa kidato cha sita wa skuli zote za Tanzania Bara. Ndivyo matangazo yenyewe yanavyosema. Mtoto wa Bara aliyemaliza kidato cha sita huitwa kwa jina, akaambiwa kambi yake ni ipi, akaenda, akapata cheti. Mtoto wa skuli ya Unguja au Pemba hana wito kama huo. Yeye njia yake ni ya kujitolea, na ya kujitolea si ya kuitwa, ni ya kuomba na kuchaguliwa. Basi cheti kikiwa ni sharti la kuandikwa jeshini, hawa wawili hawakusimama mstari mmoja. Mmoja amepelekewa sharti mpaka mlangoni kwao. Wa pili ameambiwa akalitafute, na kwa kulitafuta hana budi apite mikononi mwa watu.

Watu gani? Maombi ya kujitolea hupitia katika afisi za wakuu wa mikoa na wilaya. Wakuu hao ni wateule wa Rais. Chini yao huku Visiwani wako masheha, nao huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hawakupigiwa kura na yeyote katika shehia zao. Kila mwanachama wetu aliyewahi kutafuta barua ya sheha kwa ajili ya kitambulisho au ya kazi anajua tunasema nini, na malalamiko hayo si ya jana. Tumeyasema Barazani, tumeyasema katika mikutano, na tutayasema tena. Hatudai kuwa kila sheha ni dhalimu. Wako walio waungwana, na baadhi yao wamelaumiwa na wakubwa wao kwa uungwana huo. Twasema kwamba mahali ambapo hapana kanuni iliyobandikwa ukutani, hata muungwana hana cha kujikingia pale anapoamrishwa ampite huyu amwache yule.

Kwa sababu hii hatukubaliani na ndugu zetu wanaodhani kuwa yatosha kudai cheti kitambuliwe. Tukidai hilo peke yake, tutakuwa tumeupeleka mlango wa dhulma nyuma hatua moja tu. Zamani kijana alikuwa akizuiliwa siku ya kuandikwa jeshini, mbele ya watu. Kesho atazuiliwa siku ya kwenda kambini, miaka miwili kabla, katika afisi ya wilaya, pasipo na shahidi; na akija kulalamika ataonyeshwa kitabu kwa upole na kuambiwa, mwanangu, wewe cheti huna. Hapo dhulma itakuwa imevaa kanzu ya sheria, na itakuwa taabu kubwa kuivua. Kwa hivyo madai mawili haya hayatengani. Cheti kihesabiwe, na mlango wa kukipata uwe wazi: nafasi za kila wilaya zitangazwe kwa idadi, sifa zitajwe, majina ya walioomba na waliochukuliwa yabandikwe hadharani, na aliyeachwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kurufaa.

Tunajua jawabu litakalotolewa. Litasemwa kwamba mambo ya jeshi ni siri na hayafai kubandikwa ukutani. Siri ya jeshi ni idadi ya silaha zake na mipango yake ya vita. Orodha ya vijana waliokwenda kulima na kufunzwa kwata haijapata kuwa siri, khasa katika nchi ambayo siku ya kufunga mafunzo huitwa wazee, waandishi na wapiga picha waje kutazama gwaride. Litasemwa pia kwamba nafasi za jeshi ni chache na vijana ni wengi. Hilo ni kweli tupu, na ndiyo sababu yetu kubwa ya kutaka kanuni. Kitu kilicho tele hakihitaji mizani.

Wako na wazee katika chama chetu wenyewe wanaotuuliza kwa nini twahangaika kuwatafutia watoto njia ya kuvaa magwanda, ilhali magwanda hayo hayo tumeyaona katika mitaa yetu siku za uchaguzi, na waliotufika yametufika. Swali lao lina uchungu na hatulipuuzi. Jawabu letu ni kwamba jeshi la nchi ni mali ya wananchi wote, nalo haliwi lao kwa kusemwa tu. Huwa lao pale mama wa Wete anapomtazama askari akakumbuka kuwa huyu ni mtoto wa fulani, amesoma na mwanangu. Jeshi lililochujwa likabakishwa watoto wa upande mmoja litaogopwa na upande wa pili, na hapana kiongozi mwenye akili anayetaka hivyo, hata awe wa chama gani. Wasichana nao wasisahauliwe katika hesabu hii, kwani wako wengi waliokwenda kambini kwa ridhaa ya wazazi waliotishwa na majirani, na wamerudi na vyeti vile vile.

Wawakilishi wetu watalipeleka jambo hili Barazani kwa upande wa JKU, na wabunge wetu watauliza Bungeni kwa upande wa JKT na jeshi. Lakini swali lisilokuwa na ushahidi hujibiwa kwa maneno matamu likaisha. Kwa hivyo makatibu wa matawi wanatakiwa waandike, shehia kwa shehia, vijana waliomaliza mafunzo ya JKT au JKU, mwaka waliomaliza, kambi waliyokuwa, kama wamewahi kuomba kuandikwa jeshini au katika vikosi, na wakajibiwa nini. Waandikwe pia walioomba kwenda kambini wasichukuliwe. Yaandikwe yale tu ambayo kijana mwenyewe ameyaona na anaweza kuyasimamia. Yaliyosikiwa kwa watu yaachwe. Kijana asiyetaka jina lake litajwe asilazimishwe, atosheke kutaja wilaya na mwaka. Na asiulizwe yeyote chama chake. Karatasi hizo zifike afisi kuu kwa mkono wa mjumbe, si kwa kutumiwa ovyo, kabla Baraza halijakaa.